Droni ya kwanza ya koperative: tuanze na ile ndogo

Mwisho wa kiangazi, kabla mvua haijaanza, tulikaa chini ya mwembe hapa Kasaji pamoja na wanachama wa koperative za mahindi na mihogo. Kijana mmoja alitoa simu yake akaonyesha video: droni kubwa yenye tangi inapita juu ya shamba na kupiga dawa. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. "Njo hii tunatafuta!" wazee wakasema. "Tukinunua hii, pompi ya mugongo imekwisha." Mama mmoja anayetunza sanduku la koperative alitazama video mpaka mwisho, akarudisha simu, halafu akauliza: "Na kama inaanguka, ni nani atalipa?"

Watu walicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Tangu siku ile tumeulizwa habari za droni katika karibu kila mkutano. Kwa hiyo tumeona vema tuandike yale tunayoyajua, tukianzia kwenye swali la yule mama. Tukisema mapema: droni ya kwanza ni ya kujifunzia. Chagueni ile ambayo rubani mgeni anaweza kuiangusha, na koperative ikaendelea kuishi.

Shamba lenu linauliza nini?

Kabla ya kuuliza bei, kaeni pamoja mwandike kwenye karatasi: tunataka kujua nini ambacho leo hatukijui? Kama hamna jibu, droni itakuwa kitu cha kuonyesha wageni tu.

Koperative nyingi zinatujibu: "Tunataka kujua ukubwa wa mashamba." Hilo ni jambo la maana sana. Tuseme wanachama 30 wanatangaza kila mmoja hekta 1, kumbe kwa kweli kila mmoja ana hekta 0.7. Mumeandika hekta 30, na mashamba ni hekta 21. Kwa kilo 25 za mbegu ya mahindi kwa hekta, mumenunua kilo 225 ambazo hazina pa kupandwa. Mbolea nayo inafuata hesabu hiyohiyo, na deni pia.

Lakini tuseme kweli: kwa kazi hiyo hamuhitaji droni. Simu yenye GPS na programu ya bure ya kupima eneo inatosha. Mwenye shamba anatembea kando ya mpaka wake, jirani anatembea pamoja naye ili kusiwe na ugomvi, na simu inatoa hesabu. Koperative ambayo haijapima mashamba yake kwa miguu ianze hapo. Ni bure, na inazoeza watu kusoma ramani.

Droni inaingia pale miguu inaposhindwa. Mahindi yakipita kichwa cha mtu, huwezi kuona katikati ya shamba. Ukiwa juu unaona pale mbegu haikuota, pale maji yanapolala bondeni baada ya mvua, pale moto wa porini ulipoingia, pale upepo ulipolaza mimea. Unaona pia bonde zima kwa mara moja, na watu wanaweza kukaa mbele ya picha moja na kuzungumza juu ya njia ya maji bila kupigana.

Kuna kitu ambacho droni haiwezi. Itaonyesha sehemu ya shamba imegeuka manjano, lakini haitasema kama ni mbolea iliyokosekana, maji yaliyozidi, au kiwavi aliye ndani ya moyo wa hindi. Mtu lazima aende pale, afungue majani na kutazama. Droni inaonyesha pa kwenda, na ukifika pale, jicho la mkulima ndilo linalofanya kazi.

Aina tatu mtakazokuta

Ya kwanza ni ile ndogo sana, ya kuchezea na kujifunzia. Mfano ni Ryze Tello: uzito wake ni karibu gramu 80, inaruka kama dakika 13, na haina GPS. Upepo kidogo tu unaisukuma. Haifai kwa kazi ya shamba, lakini ndani ya ukumbi wa shule au kwenye uwanja uliotulia inazoeza vidole. Ikigonga ukuta, mnaiokota na kuendelea.

Ya pili ni droni ndogo ya kamera. Mfano ni DJI Mini 2 au Mini 4K: uzito haufiki gramu 250, na kiwanda kinasema inaruka mpaka dakika 31. Ninyi hesabuni dakika 20 za kazi, kwa sababu upepo unakula betri, na ni lazima irudi nyumbani ikiwa na akiba. Iko na GPS, inasimama angani yenyewe ukiachilia vidole, na ikipoteza mawasiliano inajaribu kurudi ilikotoka. Ikiwa mita 60 juu, picha yake moja inashika zaidi kidogo ya nusu hekta. Kwa shamba la hekta 2, picha chache zinatosha kuona hali yote. Mini 4K ilipotoka mwaka 2024 ilikuwa dola 299 kule Marekani. Mpaka ifike Kolwezi kuna usafiri, forodha na faida ya muuzaji, kwa hiyo ulizeni maduka zaidi ya moja.

Ya tatu ni ile ya kwenye video, ya kupiga dawa. DJI Agras T10 inabeba lita 8, T30 lita 30, T40 lita 40. T40 peke yake na betri yake ni kilo 50, na ikijaa dawa inaweza kufika kilo 90. Sasa mfikirie kilo 90 zenye mapanga yanayozunguka, mikononi mwa kijana aliyeanza kuruka juma lililopita, na watoto wamekimbia kuja kutazama. Tena droni hizi zinatumia maji kidogo kwa hekta kuliko pompi ya mgongoni, maana yake dawa yenyewe ni kali zaidi katika kila tone. Upepo ukigeuka, dawa inaangukia sombe ya jirani, mizinga ya nyuki, au kisima. Hiyo ni kazi ya watu waliosomea dawa na kuruka, vyote viwili.

Hata umeme unatenganisha hizi mbili. Betri moja ya Mini 2 inabeba karibu Wh 17, na paneli ndogo ya jua yenye betri ya akiba inaweza kuijaza. Betri moja ya T40 inabeba zaidi ya Wh 1,500, kama betri ndogo 90 zikiwekwa pamoja. Hapo ni jenereta kubwa na petroli kila siku ya kazi. Wengi wanahesabu bei ya droni na kusahau petroli.

Kwa hiyo shauri letu kwa rubani anayeanza: aina ya pili. Kama sanduku linaruhusu, ongezeni moja ya aina ya kwanza kwa mazoezi.

Wengine walianzaje?

Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kazi ya kupiga picha visiwa vyake, Unguja na Pemba, kwa droni. Kazi ile iliwaunganisha Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia. Visiwa vile vina zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Mtu angefikiri walitumia mitambo mikubwa. Kumbe walitumia vindege vya povu gumu, eBee, ambavyo havifiki hata kilo 1, na kati ya waliovirusha walikuwa wanafunzi vijana wa palepale Zanzibar. Kazi ilikuwa kubwa, lakini waliifanya kwa chombo chepesi na watu waliofundishwa vizuri.

Malawi nao walitenga anga ya majaribio kule Kasungu mwaka 2017 pamoja na UNICEF, na Januari 2020 wakafungua chuo cha droni Lilongwe, ambako vijana walijifunza kuunda droni, kuzirusha na kusoma picha zake. Hata hapa kwetu Kongo, mwaka 2019 droni zilifanya majaribio ya kubeba chanjo katika jimbo la Équateur, kuvuka misitu na mito ambayo gari haiwezi. Popote pale mafunzo yalikuja kwanza. Sisi tulijifunza hilo kwa njia ngumu.

Siku tulipoangusha ya kwetu

Droni tuliyoangusha haikuwa hata yetu, tuliazima. Tulirukia bondeni, karibu na maji, tukaipeleka upande wa juu kutazama shamba la mihogo lililo nyuma ya miti. Mawasiliano yakakatika. Hatukuogopa, kwa sababu tulijua inarudi yenyewe. Ila hatukuwa tumetazama kwenye programu inarudi kwa urefu gani. Aliyeitumia kabla yetu alikuwa ameweka mita 20.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa wengi wanapotea. Droni ndogo haipimi urefu wake kutoka kwenye ardhi iliyo chini yake wakati ule. Inahesabu kutoka mahali iliporukia. Mita 20 juu ya bonde, kule mlimani ilikuwa chini ya vichwa vya miti. Ikarudi moja kwa moja, ikaingia katikati ya matawi. Siku mbili tulitafuta. Tulipoipata, mkono mmoja ulikuwa umevunjika na kamera imening'inia kwenye waya.

Tuliilipa. Ilitukata, lakini haikutuua, kwa sababu ilikuwa ndogo. Ingekuwa ile kubwa ya dawa, gazeti hili lingekuwa linazungumza jambo lingine leo. Tangu siku ile, kabla ya kuruka tunatazama mti mrefu kuliko yote na mlima mrefu kuliko yote pale karibu, tunaweka urefu wa kurudi juu ya vyote viwili, na tunasema kwa sauti ili mwenzetu asikie.

Vitu vya kununua pamoja nayo

Fedha zote zisiishie kwenye droni yenyewe. Wekeni pembeni fedha za vitu hivi:

Betri tatu, isiwe moja. Ukitembea kilomita 10 kwa kinga mpaka shambani ili uruke dakika 20, umepoteza siku.

Mapanga ya akiba, seti mbili au zaidi. Hayo ndiyo yanayovunjika kwanza. Panga lenye ufa, hata mdogo, linatupwa.

Simu inayokubaliana nayo. Jaribuni palepale dukani, na simu ileile mtakayotumia. Simu nyingi za bei ndogo zinakataa programu ya droni au zinaganda katikati ya safari.

Kuiwasha kwa mara ya kwanza. Droni za DJI zinadai intaneti ili ziamke mara ya kwanza, na programu yenyewe ni nzito. Fanyeni hayo Kolwezi, ambako mtandao iko na nguvu, kabla hamjapanda gari au treni kurudi Kasaji. Tumeona watu wanafika nyumbani na boksi zuri ambalo haliruki.

Sanduku gumu la kubebea. Barabara yetu munaijua.

Betri nazo ziko na desturi zake. Usiijaze mpaka mwisho halafu ukaiacha majuma mengi, ihifadhi ikiwa kama nusu. Usiichaji usiku watu wamelala, wala ndani ya nyumba ya nyasi. Ikivimba kama mkate, haitumiki tena, itoe nje mbali na nyumba. Betri hizi zikishika moto, maji kidogo hayazimi.

Karatasi na majirani

Hapa ndipo swali la yule mama linapanuka, kwa sababu kuna hasara kubwa kuliko droni iliyovunjika: mwanachama aliyekamatwa.

Nchini kwetu mambo yote ya anga yako mikononi mwa AAC, mamlaka ya usafiri wa anga. Koperative iandike barua ya kuomba ruhusa kabla ya kununua, na isisubiri mpaka droni iko tayari ndani ya nyumba. Pelekeni habari kwa msimamizi wa teritware ya Dilolo, kwa usalama, na kwa shefu wa kila kijiji mtakachorukia. Tunzeni fakture ya duka na karatasi za forodha. Rubani atembee na kopi za karatasi zote shambani.

Tukumbuke tunakaa wapi. Upande mmoja kuna mpaka wa Angola. Upande wa Kolwezi kuna migodi ya shaba na kobalti yenye walinzi. Katikati inapita reli ya kwenda Dilolo mpaka bandari ya Lobito. Kamera iliyo angani karibu na mgodi, mpaka, kambi ya askari au daraja la reli inaleta maswali ambayo koperative haiwezi kujibu. Kuruka kwenu kuwe juu ya mashamba ya wanachama, basi. Na musidanganyike kwamba kwa kuwa mashine imekubali kuruka, sheria nayo imekubali.

Halafu kuna hofu ya watu. Tangu Desemba 2013, MONUSCO ilipoanza kurusha droni za upelelezi kutoka Goma, Mkongo akisikia neno droni anafikiri vita. Mama aliye shambani peke yake akisikia ule mlio juu ya kichwa, ana haki ya kukimbia. Siku moja kabla, tangazeni kanisani na sokoni, kwa Kiswahili, kwa Kilunda, kwa Kichokwe. Waonyesheni watu picha mlizopiga. Shamba la asiye mwanachama msilipige picha bila yeye kukubali.

Nani atairusha?

Chagueni watu wawili, na mmoja wao awe mwanamke ikiwezekana, maana mashamba mengi ni ya wanawake na ndio wanaojua maswali. Rubani asiruke peke yake hata siku moja. Mmoja anashika mashine. Wa pili anatazama anga, watoto, nyaya, na mwewe. Ndiyo, mwewe: ndege hawa wanashambulia droni kama adui aliyeingia kwao.

Majuma mawili ya kwanza yawe ya mazoezi tu. Asubuhi mapema, upepo bado umelala, kwenye uwanja wazi. Kupanda mita 3 na kushuka. Kwenda mbele na kurudi. Kisha zoezi linalowashinda wengi: kuigeuza droni ikutazame, maana hapo kushoto inakuwa kuume na kuume inakuwa kushoto. Mpaka vidole vifanye hivyo bila kichwa kufikiri, msiipeleke mbali. Mvua ikinyesha hairuki, droni hizi ndogo hazikutengenezwa kwa maji. Jua likipita nyuzi 40, pumzikeni ninyi na mashine.

Wekeni daftari. Kila kuruka kuandikwe: tarehe, shamba la nani, betri ipi, dakika ngapi, tulitafuta nini, tuliona nini. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litawaambia kama droni imelipa au imekula.

Kama sanduku ni dogo, koperative mbili au tatu za jirani zinaweza kununua moja pamoja. Droni ya kamera haifanyi kazi kila siku. Ila andikeni mapema: inalala kwa nani, nani anaitoa, zamu ni ya nani, na ikivunjika kila mmoja anatoa ngapi.

Jibu kwa mama wa sanduku

Tulirudi chini ya mwembe uleule na tukamtafuta yule mama. Tukamwambia: hesabuni bei ya droni ndogo, betri zake, mapanga yake na karatasi zake. Halafu jiulizeni: tukiipoteza yote siku ya kwanza, tutaweza kununua mbegu msimu huu? Kama jibu ni ndiyo, nunueni. Kama jibu ni hapana, mutembee na simu mwaka huu, mupime mashamba, muongeze sanduku.

Akafikiri kidogo. "Basi ikianguka, ni siye wote tutalipa," akasema. "Kwa hiyo ni siye wote tutachagua." Akaomba jambo hilo liandikwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu.

Tunaziomba koperative zote zifanye hivyo. Ile kubwa ya dawa haikimbii, itakuwapo bado siku mtakapokuwa na marubani waliozoea, karatasi zilizokamilika, na daftari lililojaa.